Nyika Isiyo na Watu: Maoni juu ya Senema ya The Lion King

Senema ya The Lion King, iliyochorwa na kampuni ya Disney ya Marekani na kutolewa mwaka 1994, ni mashuhuri hata mtoto asiyepata kumwona simba kwa macho yake huweza kukisimulia kisa chake. Mwaka 2019 ilitengenezwa upya, na mwaka 2024 ikafuatwa na nyingine, yenye habari za ujana wa Mufasa, babaye Simba. Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto kuutunza uumbaji hushawishika upesi kuitumia, maana inapendeza, na majina yake mengi yametolewa katika Kiswahili. Kwa hiyo yafaa tuipime: yafundisha nini juu ya nchi, na lugha yetu imetumikishwa kazi gani ndani yake?

Kwanza tuipe haki yake. Mufasa amfundisha mwanawe kwamba simba naye hufa, mwili wake ukawa majani, na swala wakayala majani hayo. Basi mwenye nguvu asijione bwana asiye na deni. Fundisho hili ni la kweli. Tena senema yashikilia kwamba mtawala mbaya huiharibu nchi: Scar atwaapo ufalme, mito yakauka na makundi ya wanyama yahama. Wazee wetu hawangeliona jambo hili kuwa geni, kwa kuwa katika Unyamwezi na Usukuma mtemi aliulizwa habari za mvua, na ukame uliweza kumponza.

Lakini tuyatazame majina. Simba na Rafiki ni maneno ya kila siku. Pumbaa, jina la ngiri, latokana na kupumbaa. Sarabi, mamaye Simba, ameitwa kwa jina la mazigazi, yale maji ya uongo ayaonayo msafiri jangwani. Kiongozi wa fisi ndiye aliyepewa jina zito kuliko yote, nalo ni Shenzi. Msomaji hahitaji kuelezwa uchungu wa neno hilo. Watu wa pwani waliojiita waungwana waliwaita hivyo watu wa bara, na hasa wale waliotekwa wakaletwa kuuzwa. Lilikuwa neno la kumtoa mtu katika hesabu ya watu. Sasa limetiwa katika kisa ambamo fisi hukaa mahali pa giza, nje ya mpaka, pasipofikiwa na nuru ya mfalme, na nchi yaharibika siku waruhusiwapo kuingia. Waliolichagua jina huenda hawakujua historia yake. Hata hivyo jina na kisa vyapatana mno: nchi njema ni ile iliyowafungia nje washenzi wake.

Wala habari hii ya fisi si kweli kwa tabia ya mnyama mwenyewe. Hans Kruuk, mtaalamu Mholanzi aliyewachunguza fisi wa Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1972, aliona kwamba fisi wa Ngorongoro huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi simba ndiye amnyang'anyaye fisi. Tena fisi huvunja na kumeng'enya mifupa ambayo wanyama wengine huiacha, akaisafisha nchi. Hadithi zetu nazo zamwonea fisi, tukiri. Zamfanya mlafi na mjinga. Lakini fisi wa hadithi hupigwa leo, na kesho jioni yumo tena katika hadithi nyingine. Hakuna asemaye kwamba mvua itanyesha akishafukuzwa.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba katika nyika hiyo hamna mtu hata mmoja. Hamna mchungaji, wala kisima, wala njia iliyokanyagwa. Linganisha na Kisa cha Punda wa Dobi, alichokichapa Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Humo simba ni mgonjwa, ategemea ujanja wa sungura apate nyama, na mwisho sungura amla moyo na masikio ya mawindo. Punda mwenyewe ni wa dobi, amekimbilia mwituni. Hadithi hii ilisafiri baharini kutoka Bara Hindi na nchi za Waarabu kabla ya kufika kwetu, lakini ilipokaa pwani ilikubalika, kwa sababu watu walijua kwamba mwitu na mji hupakana, na kwamba kiumbe huvuka kutoka huku kwenda kule.

Waliochora The Lion King walifika Kenya kuitazama nchi, hasa Hell's Gate karibu na Naivasha. Walichukua miamba yake na mwanga wake. Wamaasai wa pande zile hawakuingia katika picha, bali waliingia wanyama wasiokaa huko: Timon ni mnyama wa nyika kavu za kusini mwa Afrika, na uso wa Rafiki ni wa nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni.

Kutokuwako huku kwa watu kulikuwa na desturi yake. Bernhard Grzimek, Mjerumani, alitoa mwaka 1959 senema yake juu ya Serengeti, ambayo kwa ajili yake mwanawe Michael alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari mwaka ule ule. Alizipenda nyika zile kwa moyo wote, na wote wawili wamezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Lakini alishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji. Na mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai waliokuwa Serengeti walitolewa wakaenda Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 watu wa Ngorongoro nao wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali yasema ni kwa hiari, na wengi wao wamelikataa neno hilo. Hatusemi kwamba senema ndiyo iliyowahamisha. Twasema kwamba macho yaliyozoezwa tangu utoto kuona nyika tupu hayashtuki yaonapo nyika ikifanywa tupu.

Limebaki neno lililoenea kuliko yote, hakuna matata. Kabla ya senema, kikundi cha Them Mushrooms cha Mombasa kilikuwa kimelieneza kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tata ni fundo, kitu kilichosokotana. Asemaye hakuna matata asema kwamba mafundo yamefunguliwa. Ajabu ni kwamba kisa chenyewe chalikataa neno hili, kwa kuwa Simba hana budi kuyaacha maisha yale yasiyo na shughuli arudi kwao. Lakini watu wamelishika neno na kuusahau mwisho wake, hata likaandikwa juu ya fulana.

Tena kurudi kwenyewe kwaonyeshwa kuwa rahisi mno. Simba ashinda vita, mvua yanyesha, nchi yachanua. Nchi iliyochoka haiponi hivyo. Shinyanga ilipokwisha kukatwa miti yake kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kulima pamba, watu walirudia desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani na miti vipone, mifugo ilishwe humo wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ilisaidiwa na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ukaisha mwaka 2004, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejeshwa. Zilirejeshwa kwa mikutano, kwa sheria za kijiji, kwa faini, na kwa watoto waliozuia ng'ombe wasivuke mpaka.

Basi hatumshauri mwalimu aifungie senema hii nje ya shule. Na aionyeshe, kisha awaulize watoto ni nani asiyeonekana humo; awaulize nani huchota maji mtoni, na fisi hula nini kwa kweli. Kisha awapeleke kwa mzee ajuaye mipaka ya malisho ya kijiji chao. Kitabu cha Mwanzo chasema mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kulinda. Bustani isiyo na mtu haimo katika habari hiyo, na mtoto aliyeiona katika picha tu hatajua kwamba kulinda ni kazi yake.