Oili ya saa tano za kwanza

Vitabu vya injini za Briggs & Stratton vimezoea kutaja saa 5: baada ya hapo, mwaga oili ya kwanza. Kawasaki, kwa injini zake za FR, hutaja saa 8. Honda GX hupewa mwezi mmoja au saa 20, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo masharti hulegea, na oili hubadilishwa kila saa 50 au 100. Mtu aliyetoa mamilioni ya faranga kununua mashine ya kukata nyasi ya kukalia ana haki ya kuuliza kwa nini amwage oili ambayo haijabadilika hata rangi.

Sababu iko ndani ya silinda. Ukuta wa silinda mpya hutoka kiwandani ukiwa na mikwaruzo midogo iliyopishana kwa makusudi, na ringi za pistoni huisugua hadi zikae sawasawa. Msuguano huo huzaa vumbi la chuma. Kwenye gari vumbi hilo hunaswa na filta, lakini baadhi ya injini za silinda moja hazina filta kabisa. Ndani yake kuna gurudumu la meno linalorusha oili huku na huku, na chochote kilichomo ndani ya oili hurushwa pamoja nayo. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo chafu kuliko zote katika maisha ya injini, hata kama oili yenyewe inaonekana njema.

Mbali na oili kuonekana njema, Kigali kuna sababu ya pili ya umwagaji huu kupuuzwa, nayo ni mazoea. Nyasi za kando ya barabara na za bustani nyingi hukatwa kwa mashine ya begani, ile ya kamba au kisu. Injini yake ni ya mipigo miwili: oili huchanganywa na petroli, ikaungua, ikaisha. Mtu aliyeshika mashine ya namna hiyo kwa miaka hajawahi kumwaga oili wala kutazama kijiti cha kupimia. Ukimkabidhi mashine ya kukalia ataiendesha vizuri sana, na ataiua bila kujua. Dereva wa pikipiki ya abiria hana shida hiyo. Yeye anajua oili ni mkate wake.

Kazi ya kumwaga oili niliyoitazama ilifanyika kwenye bustani moja upande wa Nyarutarama, na aliyeifanya ni fundi wa Biryogo, mtu wa Kiswahili cha Nyamirambo. Mashine ilikuwa ya silinda moja, yenye filta, na saa zake zilikuwa zimefika 5 na kidogo. Jambo la kwanza alilokataa ni kufanya kazi pale mashine ilipoegeshwa, kwenye mteremko wa nyuma ya jengo. Aliisogeza hadi maegesho ya magari, palipo tambarare. Akaiacha ingurume dakika chache, akazima, akavuta breki, akachomoa waya wa plagi.

Kuipasha moto injini si mapambo. Oili yenye joto ni nyepesi na hutoka na vumbi lake, ilhali oili baridi huliacha limetuama chini, na oili mpya ikiingia inalikuta palepale. Kabla ya kufungua kijiti alifuta majani na vumbi kuzunguka mdomo wake kwa tambara kavu, hatua ambayo wengi huiruka. Kisha akafungua mrija wa kumwagia na kuielekeza oili kwenye dumu lililokatwa ubavu, ila kiasi kidogo cha mwanzo alikikinga kwenye sahani nyeupe ya plastiki. Akaigeuzageuza juani. Oili iling'aa kama rangi ya metaliki ya gari.

"Mzee, sasa nusa," akaniambia.

Ilinuka petroli. Si sana, ila ilinuka.

Hapa ndipo Kigali inapotofautiana na Dar es Salaam au Mombasa. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,560, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari hupeleka petroli ileile kwenye hewa pungufu. Plagi huwa nyeusi, moshi huwa mweusi, na petroli isiyoungua huteleza ukutani mwa silinda, ikapita kwenye ringi ambazo bado hazijakaa, ikaingia kwenye oili. Oili huwa nyepesi kupita kiasi wakati uleule injini inapoihitaji zaidi. Briggs & Stratton wanasema wazi kwamba injini zao za kabureta zikitumika juu ya mita 1,524 zinahitaji marekebisho ya mwinuko. Kigali imevuka mpaka huo kwa kiasi kidogo tu, na pengine ndiyo maana wauzaji hawayazungumzii marekebisho hayo. Dawa kwa kawaida ni jeti ndogo zaidi ndani ya kabureta. Kwa maoni yangu swali la jeti liulizwe dukani kabla pesa haijatoka mfukoni.

Harufu ya petroli inaweza kuwa na chanzo kingine: sindano ya kabureta isiyoziba vizuri, ikivujisha usiku kucha mashine ikiwa imelala. Dalili yake ni kijiti kuonyesha oili imeongezeka. Oili haizai. Ikipanda bila kuongezwa, usiiwashe mashine, tafuta kinachovuja.

Filta mpya alipaka raba yake oili safi, akaikaza kwa mkono hadi raba ilipogusa, kisha akaongeza nusu mzunguko na kitu. Spana hakuigusa, kwani filta inayokazwa kwa spana huchana raba, na mwenzio atakayeifungua mwakani atakulaani.

Oili aliyomimina ilikuwa SAE 30, na hapo namuunga mkono. Kigali haina baridi ya kuhitaji oili nyepesi ya asubuhi wala joto la jangwani, na injini hii hupozwa kwa hewa. Rafu za maduka zimejaa 20W-50 kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa magari na pikipiki. Inapatikana, lakini kupatikana hakuifanyi kuwa ndiyo iliyoandikwa kitabuni. Kiasi nacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: injini kama hizi za Briggs za silinda moja hubeba takriban lita 1.4, na za silinda mbili takriban 1.9. Alimimina kama robo tatu ya kiasi hicho, akangoja itulie, akapima, akaongeza kidogokidogo. Aliyezoea kumimina chupa nzima ya lita 2 atajaza kupita alama, oili itapanda kwenye njia ya kupumulia na kulowesha filta ya hewa, na mashine mpya itafuka moshi kama kuukuu.

Upimaji wenyewe una mtego. Kwenye Briggs za mashine za kukalia, kijiti hukazwa mpaka mwisho ndipo kinasomwa. Kwenye Honda GX huchomekwa tu bila kukazwa. Ukichanganya hayo mawili unapata jibu la uongo.

Upungufu wa oili ambao ungevumilika kwenye uwanja tambarare haufai hapa. Vitabu vingi huweka kikomo cha nyuzi 15 za mteremko, na Kigali ina bustani nyingi zinazofika hapo. Mashine ikiinama, oili hukimbilia upande mmoja, na ikiwa ni pungufu pampu hunyonya hewa. Mwendeshaji hasikii kitu mpaka chuma kigongane na chuma.

Oili chafu aliifunga kwenye dumu aipeleke Gatsata, kwenye magereji. Lita moja tu inaweza kuharibu maji hadi lita milioni moja, na mitaro ya mji huu huishia mabondeni, Nyabugogo na Nyandungu. Wapo wanaoipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa. Mimi sishauri, hasa nguzo zikiwa karibu na bustani ya mboga.

Mwisho aliwasha injini dakika moja, akatazama chini ya filta kama kuna tone, akazima, akapima tena, akaandika saa kwa kalamu ya wino mzito chini ya kiti: 5, na pembeni 55. Kwa mashine inayofanya kazi saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, msimu wa mvua wa Machi hadi Mei utaifikisha 55 kabla ya mwezi kuisha.