Mauser Iliyovuliwa Magwanda

Askari wa Marekani waliorudi nyumbani kutoka Ulaya mwaka 1945 walirudi na kumbukumbu za vita, na miongoni mwake zilikuwamo bunduki za Kijerumani aina ya Mauser 98. Miaka iliyofuata wafanyabiashara wa silaha waliongeza nyingine kwa shehena, kwa kuwa kila jeshi lililobadilisha silaha lilizimwaga za zamani sokoni. Mkulima wa Pennsylvania au makanika wa Montana ambaye Winchester mpya ilimshinda bei aliweza kujipatia Mauser kwa fedha kidogo. Kasoro zake zilionekana wazi: ilikuwa ndefu, nzito upande wa mbele, na haikuundwa kubeba darubini.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyofanyika katika karakana ndogo na gereji za nyumbani, kazi ya kuigeuza bunduki ya vita iwe ya mawindo. Ilifanikiwa kwa sababu moja ya kiuchumi ambayo husahaulika mara nyingi. Sehemu iliyo ghali kuliko zote ilikuwa imeshalipiwa na serikali.

Sehemu hiyo ni resiva, yaani kiwiliwili cha chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu. Paul Mauser wa mji wa Oberndorf aliiunda, na jeshi la Ujerumani likaipokea Aprili 1898. Bolti yake ina meno mawili ya kufungia upande wa mbele na la tatu nyuma kama akiba ya usalama. Ina kucha ndefu inayolishika ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini, na matundu ya kupitishia gesi mbali na uso wa mpigaji endapo ganda litapasuka. Ili kuipata, kipande cha chuma hufuliwa, kisha huchongwa kwa mashine hatua baada ya hatua, na kila hatua ni mshahara wa mtu. Remington walipoingiza sokoni modeli ya 721 mwaka 1948, waliikwepa gharama hiyo kwa kukereza resiva ya mviringo kutoka kwenye nondo ya chuma. Hesabu yao ilikuwa sahihi, lakini aliyekuwa na Mauser kuukuu mkononi alimiliki chuma ambacho kiwanda cha kiraia kingekiona ghali.

Sifa ya mtambo huo wa resiva na bolti ilikuwa imeenea zamani. Wamarekani walipounda Springfield ya 1903 waliiga Mauser kiasi cha kulazimika kulipa dola 200,000 za haki ya ubunifu. Springfield ya namna hiyo, iliyobadilishwa ubao ili ifae mawindo, ilishuka Mombasa Aprili 1909 katika mizigo ya Theodore Roosevelt. Na W. D. M. Bell, mwindaji Mskoti wa Karamoja, aliwaua ndovu wengi kwa bunduki ya Rigby ya milimita 7 iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser. Kwa hiyo makanika wa Montana hakuwa akibahatisha.

Wengi walianzia kwenye ubao, kwa sababu hauhitaji zaidi ya msumeno, randa na msasa. Kifuniko cha juu ya mtutu kilitupwa, pete za chuma na pahali pa kufungia singe vikaondolewa, ubao wa mbele ukakatwa na kuchongwa upya, kisha ukapakwa mafuta ya kitani. Bunduki ikawa nyepesi na nzuri machoni. Shabaha yake haikubadilika hata kidogo, na wakati mwingine iliharibika, kwa maana ubao uliochongwa ovyo huugusa mtutu mahali pasipopaswa.

Kizingiti halisi kilikuwa darubini, na hapo Mauser ilileta ubishi wa aina tatu. Mkono wa bolti, hata ule uliopindwa chini wa toleo la Karabiner 98k (K98k), ukiinuliwa unagonga darubini iliyofungwa karibu na mtutu. Kufuli ya usalama ya kijeshi ni bawa linalozunguka kwa juu, na halizunguki tena likikuta darubini njiani. Na resiva yenyewe haina hata tundu moja la skrubu za darubini.

Kufuli ndiyo iliyokuwa rahisi: viwanda vidogo viliuza bawa fupi linalozunguka kwa pembeni, na kulibadilisha ni suala la dakika chache. Mkono wa bolti ulihitaji moto, na moto ndio uliotenganisha fundi na mharabu. Chuma cha Mauser kimefanywa kigumu kwa nje huku ndani kikibaki laini ili kistahimili kishindo bila kuvunjika. Ugumu huo ni tabaka jembamba. Joto likitambaa kutoka kwenye mkono hadi kwenye mteremko unaoisukuma pini ya kupigia, tabaka hulainika, na bolti iliyofunguka kwa wepesi kwa miaka 40 huanza kukwaruza na kukwama. Joto likifika kwenye meno ya mbele, hatari inakuwa kwa uso wa mpigaji. Mafundi waangalifu walijaza kipande cha chuma ndani ya bolti ili kinyonye joto, wakafunga vitambaa vilivyoloweshwa maji, wakachomelea kwa muda mfupi na kuacha ipoe kabla ya kurudia. Wengine waliukata mkono mzima na kuchomelea mpya uliochongwa kwa pembe inayofaa. Asiye na uzoefu alishauriwa ampelekee fundi, na ushauri huo haujapitwa na wakati.

Matundu ya skrubu nayo yalikuwa na visa vyake. Kutokana na ule ugumu wa nje, ncha ya keekee ya kawaida huteleza juu ya resiva na kuhama pembeni. Ndiyo maana Mauser nyingi zilizobadilishwa nyumbani zina tundu moja nje ya mstari, na wakati mwingine la ziada lililozibwa kwa skrubu isiyoshika chochote. Darubini iliyofungwa juu ya matundu yaliyopinda hulazimika kurekebishwa upande mmoja mpaka mwisho wa kipimo chake, na mmiliki hulalamikia lenzi.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ina faida kubwa kuliko zote kwa kila shilingi inayotumika, ingawa haionekani kwa nje. Ni kukilaza chuma ndani ya ubao.

Bunduki ikilia, resiva hurudi nyuma kwa nguvu na kugonga ubao kupitia nundu ya chuma iliyo chini yake. Ikiwa nundu hiyo imekaa vizuri, kila risasi inaondoka kutoka mahali palepale. Ikiwa ubao umechakaa au umelowa mafuta ya miongo mingi, chuma huhama kidogo kila mara, na risasi husambaa. Mbao pia hunywa unyevu. Katika hewa ya pwani wakati wa masika, ubao uliokuwa umekaa vyema Julai unaweza kuvimba na kuusukuma mtutu pembeni.

Kuchunguza kama mtutu unagusa ubao hakuhitaji kifaa cha kununua. Fundi hukata ukanda wa karatasi na kuupitisha kati ya mtutu na ubao, kuanzia mbele kurudi nyuma. Unapokwama ndipo panapogusa. Kisha huupaka mtutu masizi ya mshumaa upande wa chini, huurudisha ndani ya ubao, hukaza skrubu na kuutoa tena. Alama nyeusi zilizobaki kwenye mti zinamwonyesha pa kuparua. Huparua kidogo, hupaka masizi upya, na hurudia hadi mtutu uelee bila kugusa kitu.

Resiva inataka kinyume chake: igusane na kitanda chake kila mahali. Hapa ndipo gundi ya epoksi inapoingia. Fundi huchimba tabaka jembamba la mti, hufunika matundu yote ya chuma kwa plastisini ili gundi isiingie na kuifunga bunduki milele, kisha hupaka nta kwenye chuma, na waliobana matumizi walitumia nta ya kung'arishia viatu. Nundu hufunikwa utepe mbele, chini na pembeni, ili igandamize kwa upande wa nyuma tu. Gundi humwagwa, chuma hulazwa, na skrubu hukazwa kwa vidole tu, kwa sababu ukikaza kwa nguvu unakipinda chuma na gundi inaganda ikiwa imekihifadhi katika upindo huo. Siku inayofuata chuma hutolewa. Nyuma ya mkia wa resiva lazima ibaki nafasi ya milimita moja hivi. Bila nafasi hiyo mkia hugonga mti kila risasi inapolia, na ufa unaoonekana kwenye vitako vya Mauser nyingi huanzia hapohapo.

Inafaa kuongeza kwamba Paul Mauser aliliona mapema tatizo la mti kupondeka. Kwenye skrubu ya nyuma aliweka bomba fupi la chuma ili mkazo usiuponde mti. Vijana waliokuwa wakibadilisha ubao mara nyingi walilitupa wakidhani ni takataka, kisha wakashangaa kwa nini skrubu inalegea kila wiki.

Mdomo wa mtutu ni habari fupi. Majeshi yalisafisha bunduki kwa fimbo ya chuma iliyoingizwa kwa mbele, na fimbo ikaula ukingo upande mmoja. Gesi ikitoka upande mmoja mapema kuliko mwingine, risasi husukumwa pembeni. Mashine ya kukereza hukata ukingo mpya kwa muda mfupi, na hata mtutu uliochakaa kidogo ndani huweza kufufuka.

Kifyatulio kipya, ambacho matangazo hukisifia sana, kinaweza kusubiri. Kile cha kijeshi kina hatua mbili, na mpigaji aliyekizoea hapotezi chochote.

Shida moja ilikuwa ya Marekani hasa. Mitutu ya mwanzo ya Mauser ilitengenezwa kwa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.08, na ya baadaye kwa milimita 8.20. Viwanda vya Marekani, kwa kuhofia kwamba risasi nene ingepigwa kwenye mtutu mwembamba, vilijaza baruti kidogo, na mwindaji akapata risasi dhaifu kuliko ya Mjerumani. Wenye uwezo waliweka mtutu mpya. Wenye uwezo mdogo walirefusha chemba ya mtutu uleule ili ipokee ganda la risasi ya Kimarekani ya .30-06 lililopanuliwa mdomo, kwa kuwa maganda hayo yalikuwa tele Marekani. Aina hiyo ikaitwa 8mm-06, ikawa maarufu bila kiwanda kikubwa kuitangaza.

Mlango wa bei rahisi ulifungwa kwa sheria. Bunduki iliyotumika kumuua Rais Kennedy mwaka 1963, Carcano ya Kiitaliano, ilinunuliwa kwa posta pamoja na darubini yake kwa dola 19.95. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 ilizuia biashara hiyo ya posta na uingizaji wa silaha za ziada za majeshi. Tangu hapo hesabu imegeuka. K98k ambayo namba za sehemu zake zote zinalingana inathaminiwa na wakusanyaji, na anayeikata ubao leo anapunguza thamani ya mali yake. Iliyokwisha kukatwa na mtu mwingine ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo inayofaa kufanyiwa kazi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mipaka iko wazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu kwa vibali, na silaha yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo kazi ya namna hii huanzia kwa wenye mamlaka ya leseni kabla ya kufika mezani kwa fundi.

Anayepata Mauser iliyobadilishwa miaka 60 iliyopita hana budi kuanza na swali ambalo mwenye kuibadilisha huenda hakuliandika popote: inapokea risasi gani? Fundi hulijibu bila kufyatua. Huziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, humimina metali laini inayoyeyuka kwa joto dogo, huiacha igande, kisha huisukuma itoke na kuipima kwa kalipa. Baada ya hapo huingiza vipimo viwili vya chuma, kimoja ambacho bolti inapaswa kukifungia na kingine ambacho haipaswi. Ikikifungia hicho cha pili, chemba imepanuka kupita kiasi, na bunduki haipaswi kufyatua hata risasi moja hadi irekebishwe.