Somo la historia ya kale: mtoto anaamua nini?

Siku hizi kila mwalimu anaambiwa achangamshe leso. Mu historia ya kale na ya zama za kati, kuchangamsha kumekuwa kujenga piramide ya karatoni, ao kuvalisha mtoto shuka ili awe Kaisari wa Roma. Darasa linacheka, linapiga makofi, kisha kila mtu anarudi ku kaye na kunakili tarehe zilizo ku tablo. Naona ni diktee ile ile, imebadilisha nguo tu.

Kipimo changu ni kimoja: kisha mchezo, mtoto ameamua nini yeye mwenyewe, na kwa ushahidi gani? Nimechukua michezo mitatu ambayo shule yoyote ya Kanyaruchinya inaweza kufanya bila kurā wala franka nyingi, nikaipima hivyo.

Wa kwanza ni kamba. Metre moja ni miaka 1 000. Mnaivuta mu kiwanja, mnaweka jiwe la volkano ku kila tukio. Uhuru wa 1960 uko karibu sentimetre 6 na nusu kutoka leo. Wareno kufika ku mdomo wa mto Kongo, karibu nusu metre. Kuanguka kwa Roma mu 476, metre moja na nusu. Piramide kubwa ya Misri, karibu metre 4 na nusu. Ni mchezo mzuri kwa macho, lakini peke yake ni dhaifu: mwalimu njo ameamua mawe yote. Unapata nguvu pale watoto wanabishana ni tukio gani linastahili jiwe.

Wa pili ni mfupa wa Ishango. Ku kamba ile, jiwe lake liko mbali kabisa, karibu metre 20. Na haikutoka Misri: Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliufukua mu 1950 pale mto Semliki unatoka mu ziwa Edouard, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Uko na alama mu mistari mitatu. Mmoja unasoma 11, 13, 17, 19. Mwingine 11, 21, 19, 9. Kila mmoja unafika 60. Wa katikati, 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, unafika 48. Gawa darasa mu vikundi, kila kikundi kikate alama hizo ku bua la mtama, kisha kieleze: huyu mtu alikuwa anahesabu nini?

Walimu wengi wanaharibu hapa. Wanatangaza mbele ya yote kwamba ni mashine ya kwanza ya hesabu duniani, watoto wanafurahi, mjadala unakufa. Wataalamu wenyewe hawasikilizani: wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine alama za kushikia vizuri tu. Acheni watoto wabishane nao. Na mmoja akiuliza mfupa uko wapi leo, jibu ni Bruxelles, na leso ya kesho imejileta yenyewe.

Wa tatu ni sahani, na hapa lisansi yangu ya agronomia inanisaidia. Watoto wanaandika vyakula vya nyumbani: maharagi, mahindi, sombe, birayi, viazi vitamu, nyanya, ndizi, mtama, ulezi. Kisha tunasema: tuko mu mwaka 1300, ondoeni vile havijafika Afrika. Sita vya kwanza vyote vinatoka, sombe ikiwamo, ju muhogo pia ni wa Amerika. Vilivuka bahari kisha 1492. Mtama na ulezi vinabaki, ni vya Afrika. Ndizi inabaki pia, ilitoka Asia zamani zaidi. Sasa mtoto akisikia kwamba maharagi ni chakula cha mababu, atauliza: mababu gani, wa lini?

Swali hilo haliko mchezo. Tangu 2022 watu wengi walikimbilia Kanyaruchinya, wengine walilala mu madarasa. Na mu jimbo letu, maneno ya «nani alifika hapa wa kwanza» yamebebesha watu silaha. Mtoto aliyefundishwa kukariri atameza maneno hayo kama alivyomeza tarehe ya Roma. Yule aliyezoea kuomba ushahidi wa bua, wa jiwe na wa maharagi, ataomba ushahidi pia kwa mkubwa anayemsukuma achukie jirani.

Njo maana sipigi vita na michezo mu darasa. Napiga vita na mchezo usioachia mtoto kitu cha kuamua. Ninyi mnaofundisha, anzeni na sahani: watoto wote wanaijua, na hakuna mwalimu atakayemaliza ubishi wake mu saa moja.