Kijazo, Uso na Kuoza: Maneno Matatu katika Tafsiri ya Plastiki

Tumeletewa tuipitie tafsiri ya mwongozo mfupi wa mafundi wa plastiki, uliokusudiwa kutumika katika karakana za Temeke na Kinondoni. Mfasiri amefanya kazi ya kusifiwa: Kiswahili chake ni fasaha, wala hakukimbilia kutohoa kila neno lililomshinda. Hata hivyo yamo maneno matatu ambayo, yakiachwa yalivyo, yatampotosha fundi, na baada ya fundi, mnunuzi.

La kwanza halitatuchelewesha. Unga wa madini unaochanganywa na plastiki, kama vile chaki, talki au kaolini, mfasiri ameuita "kighushi". Chanzo cha jina hilo twakifahamu, kwani mtu aliyenunua kiti cheupe Mbagala kikampasukia kabla ya mwaka haoni tofauti ya chaki katika plastiki na maji katika maziwa. Lakini unga huo, pamoja na kupunguza gharama, huipa plastiki ugumu unaotakiwa. Kughushi ni tendo la mtu, si sifa ya madini. Twapendekeza "kijazo".

Neno la pili ndilo lenye uzito. Mwongozo unaeleza kwamba maisha ya plastiki hutegemea uso wa kijazo. Mfasiri ameandika "sifa za nje", na msomaji atadhani yanazungumzwa mambo ya rangi na mng'ao wa kiti. Sivyo. Kinachozungumzwa ni uso wa kila chembe ya unga, na uso huo si mdogo: gramu moja ya kaolini laini, mfano wa ile ya vilima vya Pugu, yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 10 au zaidi, yaani zaidi ya sakafu ya chumba cha kupanga cha Tandika. Juu ya uso huo hunata dawa ya kinga iliyotiwa ili kuihifadhi plastiki dhidi ya oksijeni na jua. Dawa ikinata pale haifanyi tena kazi yake. Uso ukiwa na chembechembe za chuma, hali huwa mbaya zaidi, kwani chuma huchochea oksijeni ikate minyororo mirefu ya plastiki. Ndiyo maana chaki hupakwa kwanza asidi ya steariki, mafuta yanayotumika pia katika mishumaa, ili dawa isinate.

Hapo mfasiri ameandika kwamba chaki "inafyonza" dawa. Sifongo hufyonza maji yakaingia ndani. Vumbi hunata juu ya jani. Mambo haya ni mawili. Fundi anayeamini kwamba dawa imefyonzwa hataona maana ya kuupaka uso kitu chochote. Iandikwe "kunasa usoni", na "kufyonza" kubaki na kazi yake ya siku zote.

La tatu ni "kuoza", na hapa mtumishi wa serikali naye ana sehemu yake. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfuko uliojazwa chaki ukikaa juani huweza kukatikakatika upesi. Lakini makombo yake hubaki mchangani. Maganda ya ndizi huoza kwa kuliwa na vijidudu. Mwananchi akisoma kwamba mfuko "unaoza", ataufukia shambani kwa moyo mweupe.

Katika mjadala wetu, wengine walipendelea "kuharibika". Neno hilo ni pana mno: chakula huharibika, na gari vilevile. Tumeonelea "kuchakaa", ijapokuwa twakiri kwamba lina harufu ya matumizi, na kiti kisichokaliwa na mtu nacho huchakaa kikiachwa juani. Pale plastiki inapogeuka makombo, "kumomonyoka" latosha.

Sentensi ya mfasiri ilikuwa: "Sifa za nje za kighushi hufyonza dawa na kuozesha plastiki." Twapendekeza isomeke: "Dawa ya kinga ikinaswa usoni mwa kijazo, plastiki huchakaa upesi."