Kutoka Ugani Makanya hadi Gatini Tanga

Jani la mkonge halitaki papara. Ukilishika ovyo, mwiba wa nchani unakuadhibu papo hapo; ukilikata ovyo, shina litakusuta miaka ijayo. Katika tambarare ya Makanya, wilayani Same, mkataji stadi huanza na majani ya chini, akipitisha kisu karibu na shina bila kulijeruhi. Juu huacha majani ishirini hivi yaendelee kuulisha mmea. Mwenye pupa hupanda juu zaidi ili apate mafungu mengi leo, na mmea hudhoofika kabla ya umri wake. Stadi huondoa miiba, huhesabu majani thelathini, hufunga fungu, husogea. Utomvu unawasha mikono, naye anausogeza mstari polepole kama mtu anayenyoa mtoto.

Jani likishakatwa halilazwi. Likichelewa, utomvu hugandamana na singa, yaani nyuzi za jani, hushika madoa. Hupelekwa haraka kwenye korona, mashine inayoponda na kukwangua nyama ya jani huku maji yakimwagika bila kukoma. Katika kila kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo nne au tano. Kazi hiyo inakunywa maji mengi, na tambarare ya Same ni kavu. Mito yake huzaliwa juu, kwenye misitu ya milima ya Upare kama ule wa Shengena. Anayetunza msitu huko Chome, milimani, ana mkono wake ndani ya singa, hata kama hajawahi kugusa mkonge.

Kisha kuna uga. Singa huanikwa kwenye nyaya, zikining'inia kama nywele ndefu zilizooshwa. Mwanikaji huzitandaza zisilaliane, huzigeuza, huingiza vidole katikati ya kishungi, mahali ambapo unyevu hupenda kujificha. Singa mbichi zikishindiliwa kwenye robota huvunda ndani kwa ndani, na aibu hufumuka mbali, ghalani au ndani ya meli. Zilizokauka hupigwa brashi na kupangwa kwa urefu, weupe na usafi: futi tatu, yaani sentimeta 90, ndicho kipimo kinachotenganisha singa ndefu na fupi. Ndipo hushindiliwa kuwa robota la kilo 250 hivi, likaandikwa alama yake.

Mkonge na reli ya Tanga ni watoto waliozaliwa mwaka mmoja. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vipando 1,000 kutoka Florida, vikafika 62 tu vikiwa hai. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga. Reli ilipanda polepole, ikapita Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 za katani, kabla nyuzi za viwandani hazijaiangusha bei.

Bandarini Tanga nako kulihitaji mikono. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje kwenye ghuba, na robota lilinyanyuliwa mara mbili: kutoka gatini hadi kwenye tishari, kisha kutoka tishari hadi melini. Fundo la kizembe lililofungwa shambani lilifumuka hapo, mbele ya watu. Siku hizi gati lina urefu wa mita 450 na kina kimechimbwa hadi mita 13, meli inajiegemeza yenyewe. Lakini alama iliyoandikwa shambani bado ndiyo inayosomwa. Karani hawezi kufungua kila robota. Anapokea neno la watu wasiojuana naye.

Ndiyo maana jioni, wingu likitanda juu ya Shengena, mwanikaji hurudi ugani mbio. Bahari haionekani kutoka hapo. Anaingiza vidole tena katikati ya kishungi, anasikiliza kwa ngozi, na kile chenye ubaridi anakitenga kisubiri jua la kesho.