Ukimya wa Kola: Namna ya Kuutambua Mtandao Mzuri wa Kufuatilia Mifugo Merti

Muuzaji wa vifaa vya kufuatilia mifugo huanza na ramani. Nukta zinatembea kwenye skrini, ngamia huyu yuko hapa, ng'ombe yule yuko kule, na mtazamaji hukubali upesi kwamba kazi ni nzuri. Mimi nashikilia kwamba nukta inayotembea haithibitishi lolote. Hata mtandao uliofungwa ovyo huonyesha nukta mnyama akiwa karibu na mlingoti na jua likiwaka. Fundi hodari hujulikana nukta inaposimama. Ngamia akinyamaza kwa saa sita upande wa Yamicha, mwenye mali hutaka kujua neno moja tu: je, ameibwa, amejilaza ndani ya laga (korongo la mto mkavu), betri ya kola yake ya shingoni imekwisha, au ni kisanduku cha mapokezi pale Merti, kaskazini mwa Kenya, kilichozimika? Mtandao unaoweza kuzitenganisha sababu hizo nne ndio mtandao mzuri. Usioweza, hata ukiwa na kola elfu moja, humwongezea mfugaji hofu ambayo hakuwa nayo.

Ninayoizungumzia ni redio ya nguvu ndogo iitwayo LoRaWAN. Kola hujua mahali ilipo kwa GPS, kisha hutuma ujumbe mfupi kwa nguvu ya takriban miliwati 25. Ujumbe hudakwa na lango, yaani kisanduku chenye antena kwenye mlingoti, nalo hulipeleka neno hilo kwenye intaneti kwa laini ya simu au kwa setilaiti. Kanda yetu inaifahamu teknolojia hii: Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilifungiwa mtandao wa aina hiyo mwaka 2017, na Mkomazi nchini Tanzania iliutumia kwa vifaru. Lakini mbuga ina mipaka, na wanyama wake hawana mwenyewe anayewasubiri zizini jioni. Merti mifugo huhama na mvua, na kila mmoja ana mtu ambaye karo ya mtoto wake inamtegemea mnyama huyo. Ndiyo maana kipimo cha mbuga hakitoshi hapa.

Ukaguzi uanzie kwenye mlingoti. Kizuizi kikiwa mviringo wa dunia tu, na mawimbi yakipinda kidogo hewani kama kawaida yake, antena iliyo mita 30 juu inaweza kuonana na kola iliyo shingoni mwa ngamia, mita mbili kutoka ardhini, kwa umbali wa kama kilomita 28. Ikiwa mita 9, umbali huo hushuka hadi kama 18. Hizo ni hesabu za tambarare tupu. Mawimbi hayasafiri kama uzi ulionyooshwa, bali hujaa katikati ya safari kama mtumbwi ulivyo mpana kiunoni. Kwa masafa ya megahezi 868 na umbali wa kilomita 10, tumbo hilo hufika karibu mita 29 kila upande. Mathenge na mikoma iliyosongamana kando ya mto Ewaso Nyiro ikiingia humo, ujumbe hufifia ijapokuwa fundi anaapa kwamba anaiona antena kwa macho. Kwa hiyo kilomita zilizochapishwa kwenye boksi ziwekwe kando. Mwambie fundi aitembeze kola kwa miguu, ikiwa kwenye kimo cha mbuzi, ashuke nayo kwenye laga, apite nayo vichakani. Anayefanya jaribio hilo kola ikiwa juu ya paa la gari anajidanganya, na anakudanganya wewe.

Antena yenyewe huwapoteza wengi. Yenye desibeli nyingi huonekana bora, na dukani ndiyo ghali. Ukweli ni kwamba antena haiongezi nguvu, huigawa tu: ile ya desibeli 8 huyabana mawimbi yakawa bapa kama chapati, yakafika mbali kwa usawa wake na kuacha juu na chini. Ikifungwa ukingoni mwa nyanda za lava zilizoko kaskazini, inaweza kuwapita juu kwa juu ng'ombe waliolala chini ya mteremko. Pale antena ndogo ya desibeli 3 hufanya kazi iliyo bora. Kisha fuata waya kwa kidole kutoka antena hadi kwenye lango. Waya mwembamba wa mita 10 humeza zaidi ya nusu ya ujumbe uliokwisha kuchoka njiani. Ule mnene humeza kama robo. Viungio viwe vimezungushiwa utepe wa mpira, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia kisandukuni ili maji ya mvua yadondokee nje. Kuhusu radi, chuma kimoja kilichopigwa kwenye udongo mkavu hakitoshi. Viwe kadhaa, vimeunganishwa.

Umeme nao hutaka hesabu, si matumaini. Lango linalokula wati 8 huhitaji wati-saa 192 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hulibeba siku tatu bila jua. Muulize fundi hesabu hiyo. Akiwa nayo kichwani, una fundi.

Sasa kola. Mwili wa mnyama umejaa maji, na maji humeza mawimbi haya, kwa hiyo antena ya kola yafaa ikae juu ya shingo, na betri ining'inie chini kama uzani wa kuirudisha kila inapozunguka. Iinue, izungushe, iachie: ikibaki ubavuni, ikatae. Ila siri kubwa imo ndani ya ujumbe. Kila ujumbe wa LoRaWAN hubeba namba ya mfuatano. Lango likipokea wa 40 kisha wa 47, unajua kwamba sita zimepotea njiani na kola ilikuwa hai muda wote huo. Ongeza hapo volti ya betri na nguvu ya mawimbi yaliyopokelewa, nawe unaanza kuusoma ukimya. Volti iliyoshuka pole pole kwa wiki mbili husema betri. Mawimbi yaliyofifia ujumbe baada ya ujumbe husema mnyama alikuwa akienda mbali. Kola iliyosikika kwa nguvu, betri ikiwa nzima, kisha ikakatika ghafla ilhali jirani zake wanaendelea kusikika, hiyo ndiyo ya kumwamshia mtu usiku. Mfumo unaoficha namba hizi ili skrini ipendeze umeficha kitu pekee chenye thamani.

Wanunuzi hupenda pia kusikia kwamba kola hutuma kila dakika. Wasipende. Redio hii, ikitaka kusikika mbali, huvuta maneno kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: ujumbe uliokuwa sehemu ndogo ya sekunde huzidi sekunde nzima. Kwa masharti ambayo vifaa vingi vya masafa haya hufuata, kola huruhusiwa kusema sekunde 36 tu kwa saa. Kola nyingi zikikusanyika kwenye mabirika ya kisima na kusema kwa pamoja, hufunikana sauti. Fundi mzuri huzipa nyakati zisizolingana, tena huzifanya zinyamaze zaidi mnyama anapolala.

Wapo watakaosema kola ya setilaiti huondoa shida yote ya milingoti. Kwa kundi linalovuka hadi Marsabit wana haki, na ningependelea kola moja ya setilaiti kwa kila kundi la namna hiyo. Lakini ada yake hulipwa kwa kila kola, ilhali mlingoti mmoja huhudumia mamia, pamoja na vihisi vya matangi ya maji. Pingamizi zito zaidi ni la wazee: kuna haja gani, wakati dedha, baraza la Waborana linalogawa malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba ya ukame, lina watu wake wanaotembea na kuona? Nalikubali kwa nusu. Kola haijui nyasi, wala haiwezi kuamua nani anywe maji kwanza. Tena habari ya mahali mifugo ilipo ni silaha mkononi mwa mwizi. Kwa hiyo kila kola iwe na ufunguo wake wa siri, si ule mmoja wa kiwandani, na orodha ya wanaoiona ramani iamuliwe barazani kabla ya shimo la mlingoti kuchimbwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, zote za eneo hili, zilianzishwa kinyume cha sheria, na ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa kiini cha kesi hiyo. Fundi asiyetaka kuketi na wazee anafunga kitu kitakachong'olewa.

Siku ya makabidhiano, kabla ya malipo ya mwisho, lizimeni lango kwa saa mbili bila kumwarifu anayeangalia skrini. Ikimwambia kwamba lango limezimwa tangu saa fulani, na kola hazijulikani zilipo kwa sababu hiyo, lipeni. Nukta zikibaki kijani pale zilipokuwa, rudisheni pesa mfukoni na mwambieni fundi aanze upya.