Tabo kwenye 1HZ: hewa itangulie dizeli

Misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa ikifika Tabora inagawanyika: mingine Ujiji, mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Leo kutoka Kanyenye, mjini Tabora, mzigo unakwenda kwa gari, na pikapu inayoaminiwa ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina tabo. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam. Injini hii imeshapungukiwa pumzi kabla gari halijapakiwa gunia hata moja. Mwenye gari anayetaka afungiwe tabo ana hoja.

Kazi huharibikia kwenye pampu. Toyota ilipotoa injini ya tabo ya 1HD-T mwaka 1990, ya lita zilezile, haikubandika tabo tu. Ilishusha uwiano wa mgandamizo kutoka 22 na ushee kwa 1 hadi 18.6 kwa 1, ikaondoa chemba za awali ili dizeli inyunyizwe moja kwa moja juu ya pistoni, kisha ikaweka juu ya pampu kiwambo kinachosukumwa na hewa ya tabo. Hewa ikijaa, dizeli inaongezwa. Hewa ikiwa haba, dizeli inabanwa. Huo ndio ufundi wenyewe, na pampu ya 1HZ haina kiwambo hicho.

Kwa hiyo fundi akilegeza nati nyuma ya pampu na kukaza skrubu ya dizeli robo mzunguko, ameongeza dizeli hata pale tabo haijaanza kusukuma. Gari likikwama mchangani na mzigo, gia nzito, mizunguko michache, ekzozi inatoa moshi mweusi tii. Dizeli imezidi hewa, joto linapanda, na hedi huanza kupasuka karibu na chemba za awali.

Mimi ningefunga kipima joto cha ekzozi kwanza, kabla ya tabo, halafu nisukume hewa isiyozidi nusu ya baa. Skrubu ingeguswa mwisho, kidogo kidogo, mzigo ukiwa mgongoni na macho kwenye geji. Anayetaka nguvu zaidi atafute injini ya 1HD-T na pampu yake.

Na klipu za mpira kati ya eya klina na tabo zikaguliwe kila oili inapomwagwa. Panga za tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Vumbi la Tabora likipenya hapo, linazila.